Ng'ombe Wamekula?

Benchi letu liko Majengo, mbele ya chumba cha fundi cherehani. Hapo naitwa Taratibu, kwa jinsi ninavyosema. Huja kunywa kahawa baada ya sala ya asubuhi, tangu nilipomzika mke wangu Elinipendo mwezi wa pili. Siku moja niliwasimulia wenzangu maneno yake ya mwisho pale hospitali: "Baba Priska, ng'ombe wamekula?" Basi. Jumapili iliyopita vijana wa kwaya waliyasema hayo hayo kwenye igizo, jina na yote, na usharika mzima ukageuka kunitazama. Jumapili hii wanalipeleka Kirua Vunjo, kwenye usharika wa mama mkwe wangu.

— Kwanza tujue nani aliyavujisha, alisema Wakili, ambaye zamani alikuwa tarishi mahakamani.

— Ni mimi, alisema Redio, mwenye cherehani. Nilimsimulia Eunike, mwalimu wao wa igizo. Sikujua ataandika.

— Unaitwa Redio, halafu unashangaa umesikika!

Tulicheka. Hata mimi kidogo.

— Sheria iko wazi, Wakili aliendelea. Maneno ya marehemu ni kama kihamba, shamba la migomba la ukoo. Yanarithiwa. Huwezi kuingia na panga ukakata mkungu wa mwenzio.

— Kifungu cha ngapi? alidakia Redio.

— Usinikatize.

— Juzi ulitusimulia ugomvi wa mkeo na wifi yake, na sauti ukaziiga zote mbili. Lile halikuwa igizo?

— Ule ulikuwa ushahidi.

— Mimi nina dawa, alisema Elisifa, mwenye birika la kahawa, huku akimimina. Maneno yangu ya mwisho nitayasema kwa Kirombo cha kwetu. Hao vijana wa Machame wasiokijua wayaigize tuone!

— Watatafuta mkalimani.

— Basi nitayaandikisha mapema kwa mtendaji wa kata, yagongwe mhuri.

— Ukiyaandikisha halafu ukapona?

— Nitanyamaza mpaka siku yenyewe.

— Wewe Elisifa, unyamaze? Utakufa kabla ya jioni!

Wakili alinigeukia.

— Taratibu, mwenye maneno ni wewe. Tuwazuie wasiende Kirua?

Niliweka kikombe changu chini.

— Sokoni wananisalimu kwa maneno yale, nikasema. Vijana wa bodaboda wananiitia ng'ambo ya barabara: Baba Priska, ng'ombe wamekula? Hawana ubaya. Lakini Elinipendo hakuwa anachekesha watu. Alikuwa anauliza.

Ndipo tukamwona Eunike anakuja, ameshika jani la sale. Kwetu, ukiletewa sale huwezi kukataa kusamehe.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Alipiga goti, akaliweka jani mapajani mwangu.

— Nimekosa, baba. Nilipaswa kuja kwako kabla ya kuandika. Ukisema tufute, tunafuta leo. Ila kuna mahali nilitunga mwenyewe, na pananisumbua. Mume anajibu, "Wamekula, Mama Priska, pumzika." Wewe ulimjibuje?

Miezi yote hii wenzangu wameyajua maneno yale, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

— Ilikuwa siku yangu ya tatu pale hospitali, nikasema. Ng'ombe sikuwa nimewaona. Sikutaka kumdanganya mtu anayekwenda kwa Mungu. Nikatoka nje kumpigia jirani simu. Akaniambia wamekula, na maji wamekunywa.

Nikalikunja lile jani, nikalitia mfukoni.

— Nimekusamehe, mwanangu. Nendeni Kirua. Jina la Priska litoe. Lile jibu nalo litoe. Andika kwamba mume anatoka nje kupiga simu.

Eunike alitoa daftari, akaandika, kisha akainua kichwa.

— Akirudi ndani, baba, anasema nini?

Nilimwambia kwamba niliporudi walikuwa wameshamfunika shuka. Nilinyoosha kikombe kwa Elisifa. Aliinamisha birika, akalitikisa. Hakikutoka kitu.