Gunia la Fifi la Mektilda Salu

Ndugu waombolezaji, mwangaluka. Marehemu aliagiza wasifu wake usomwe na Nyanjige, mtoto wa mdogo wake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Nyanjige ndiye mimi. Kwa heshima ya shughuli hii nitajisema kana kwamba ni mtu mwingine. Nikiteleza mnivumilie, maana tangu Jumatatu sijalala vizuri.

KUZALIWA. Mektilda Salu alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 huko Lalago, Wilaya ya Maswa, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Salu na mkewe. Alifuatiwa na Constantine, ambaye leo ndiye mkuu wa ukoo wetu, kisha Shigela, baba yake Nyanjige. Akiwa mdogo alibebeshwa wadogo zake mgongoni mpaka, kwa maneno yake mwenyewe, mgongo ukasahau kwamba ni wake.

ELIMU. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1950 hadi alipomaliza darasa la nne. Baba yake akasema inatosha, ng'ombe ni wengi na mikono ni michache. Marehemu hakulalamika sana. Alisema darasa la nne lilimtosha kujua pale mtu anapomdanganya.

NDOA. Tarehe 17 Oktoba 1959 alifunga ndoa takatifu na Masunga wa Dutwa, wakajaliwa watoto wawili, Dastan na Monika. Mzee Masunga alifariki mwaka 1986. Hakuolewa tena, ingawa walijitokeza watu. Mmoja wao yupo hapa, na marehemu alisema nisimtaje.

KAZI. Marehemu alikuwa mkulima wa pamba, na kwa miaka mingi chama cha msingi cha ushirika kilimtegemea kukagua pamba ya wanachama. Wenyeji mnajua, ila wageni wasiojua niwaeleze. Pamba ikishavunwa huchambuliwa. Ile nyeupe na kavu ni safi. Ile yenye madoa, iliyotobolewa na wadudu au kulowa mvua, ni fifi. Fifi haitupwi na haichanganywi. Inawekwa kwenye gunia lake na inapelekwa kupimwa kama nyingine. Marehemu aliamini hivyo kwa pamba, na aliamini hivyo kwa watoto.

MALEZI. Agosti 1993 mama yake Nyanjige, Domitila, alifariki kwa uzazi huko Lalago. Wazee waliona kwamba mtoto wa miaka sita hasogezwi kaburini, moyo wake utavunjika. Wakampeleka kwa jirani siku ya mazishi, na baadaye wakamwambia mama amekwenda Mwanza kumnunulia gauni la shule. Walimwonea huruma, hilo silikatai. Mtoto akaamini. Kila siku alinawa uso, akaenda kukaa mahali basi linaposimama. Makondakta wakamzoea, wakawa wanampa miwa.

Marehemu alirudi Lalago kutoka Dutwa kwa ajili ya arobaini. Aliposhuka kwenye basi akamkuta pale.

"Shangazi, mama yuko kwenye basi la nyuma?"

Marehemu aliweka mzigo chini. Akaketi mavumbini na kanga yake mpya, mbele ya watu wote wa stendi.

"Nyanjige, mama yako amekufa. Tulimzika nyumbani, nyuma ya zizi. Harudi, ng'wanone, mwanangu. Ningekuwa na uwezo wa kumrudisha ningekuja naye."

Mtoto alimpiga. Alimng'ata mkono hadi damu ikatoka. Marehemu hakuuondoa mkono. Mtoto alipochoka, marehemu alimbeba mgongoni hadi kaburini, akamwacha aguse udongo na aulize aliyotaka kuuliza. Nyumbani kulizuka ugomvi mkubwa. Baba mkubwa Constantine alisema, "Dada, umemuua mtoto huyu!" Marehemu akajibu, "Mmemweka njiani anasubiri maiti. Nani anamuua?" Kesho yake wakaondoka wote wawili kwenda Dutwa.

Msidhani mambo yalinyooka. Mtoto hakusema neno kwa muda mrefu, akawa anakojoa kitandani. Marehemu hakuwa mpole wa kubembeleza. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe, na alikuwa akisema kulia ni kazi lakini kulialia ni uvivu. Hata hivyo mtu akilia kweli, aliacha jembe akaja kuketi naye, wala hakumwambia nyamaza. Jioni walichambua pamba uani, kikapu katikati, naye akauliza, "Haya, leo fifi yako ni ipi?" Yeye alianza kutaja yake: mgongo unauma, namkumbuka Masunga, nimemtukana jirani bure. Mtoto akaendelea kuchambua. Siku moja akajibu.

"Watu wote walijua. Mimi peke yangu sikujua."

Marehemu hakumwambia sahau, wala hakumwambia Mungu ana makusudi yake. Alisema, "Hiyo ni fifi kweli. Iweke kwenye gunia lake." Kisha akauliza kama kulikuwa na safi yoyote siku hiyo. Ilikuwepo moja, mbuzi alikuwa amezaa.

Tuliishi hivyo miaka yote. Nilipopigwa na wenzangu shuleni hakwenda kunigombea, aliniuliza nitafanya nini kesho, na kesho yake akaniuliza kama nimefanya. Walipoanza kuja wanunuzi binafsi na magari yao, chama kikadhoofika, na kijana mmoja wa mzani akamwambia, "Mama, changanya tu, siku hizi tunachukua yote bei moja." Marehemu akapeleka magunia mawili vilevile. Yule kijana akacheka, akayamwaga yote juu ya turubai moja, kazi yetu ya wiki nzima. Nililia kwa hasira. Akanishika bega. "Mwache amwage. Sisi tunajua ipi ilikuwa ipi." Tukarudi nyumbani kwa miguu na magunia matupu kichwani.

Februari 2001 Dastan alifariki. Alimwacha Milembe, mwanawe wa miaka mitano, ambaye mama yake alikuwa ametangulia. Marehemu alikwenda kumzika mwanawe akiwa amembeba Milembe mgongoni, ili aone. Baada ya hapo yeye mwenyewe alianguka. Alilala amegeukia ukutani, palizi ikapita, magugu yakala shamba. Nikaleta kikapu karibu na kitanda. Wakati huo nilikwisha kuzoea kumwita mayu, yaani mama.

"Mayu, leo fifi yako ni ipi?"

"Yote. Leo hakuna safi."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikasema aliyonifundisha, kwamba basi iwekwe kwenye gunia lake. Alilia mpaka mchana. Halafu akaomba uji.

UGONJWA NA KIFO. Mwaka 2002 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kizazi. Alitibiwa Bariadi na Mwanza, akarudishwa nyumbani. Alimwambia Milembe kila kitu, hata kwamba dawa hazisaidii. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2003, saa kumi na moja alfajiri, Monika akiwa amemshika mkono. Milembe alikuwa bado amelala.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika.

Baba mkubwa Constantine, shikamoo. Jumatatu ile ile, kabla mtoto hajaamka vizuri, ulimpeleka Somanda kwa jamaa yetu Mama Anna, ukamwambia bibi amerudishwa Mwanza kwa matibabu. Ulifanya kwa upendo, kama mwaka ule. Lakini jana Mama Anna alimkuta amekaa barabarani mbele ya nyumba, amenawa uso, anatazama mabasi.

Leo asubuhi nilikwenda Somanda kwa baiskeli. Nikaketi chini, nikamwambia. Mkono wangu huu niliofunga kitambaa, mlioniuliza tangu mlipofika, ni yeye ameung'ata. Sikuuondoa. Nilikuja naye nyumbani amekaa nyuma ya baiskeli. Yule pale karibu na Monika. Naomba mmpishe asogee mbele. Ana maswali, na aliyekuwa akiyajibu ndiye huyu tunayemzika.

Marehemu ameacha binti mmoja, Monika, wadogo wawili, Constantine na Shigela, mimi Nyanjige, na mjukuu wake Milembe, miaka saba, ambaye kuanzia leo hasubiri basi lolote.

Mayu, umechoka. Pumzika kwa amani ya Bwana.