Faili Lisilo na Jina

Wazee mliokaa pale mbele, shikamooni. Wajane wenzangu, habari za tangu Jumapili. Mwenyekiti kaniambia niseme kwa kifupi. Nitajaribu, ila mdomo wangu mnaujua.

Mimi nimezaliwa Dongobesh, nikaolewa huku Balangdalalu, kwenye boma la Wabarbaig, na mambo mengi nilijifunza ukubwani. La kwanza nililofundishwa ni kwamba jina la baba mkwe halitoki mdomoni mwangu. Hata kuliandika siliandiki. Miaka kumi na sita sijalitaja, na leo pia msitege masikio, hamtalisikia.

Sasa huyo mzee, alipokuwa bado mzima, alituita mimi na mume wangu ndani, akasema ana neno kuhusu shamba tunalolima. Mume wangu akawasha simu, akamrekodi. Tulikuwa watatu tu. Mzee akataja shamba lilivyokaa, alama kwa alama, akasema amempa mwanawe na mke wake na watoto wao, hata ikitokea mmoja akatangulia. Mwishoni mume wangu akasema, "Tumekusikia, baba," akakohoa, akazima. Nikaihamishia kwenye kompyuta yangu ya pale nyumbani. Shida ikawa kuipa jina. Ningeandika nini? Nikaiacha na zile tarakimu ilizotoka nazo kwenye simu.

Haikupita mwaka, mzee akapigwa na kiharusi. Sauti ikaondoka, mkono wa kushoto ukaondoka. Ukimuuliza kama anataka maziwa, akitaka anagonga fimbo chini, asipotaka anakaa kimya. Tukazoea hivyo. Kisha mume wangu akafariki. Simu yake ilishadumbukia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe zamani, kwa hiyo sauti ikabaki kwenye kompyuta peke yake. Nilikuwa naisikiliza mara kwa mara, na siwadanganyi kwamba ni kwa ajili ya shamba. Nilikuwa nakisubiri kile kikohozi.

Msiba haujapoa, shemeji yangu akaja kusema shamba aliazimwa tu kaka yake, na kaka hayupo, basi lirudi. Nikamwambia ninayo sauti ya baba yako. Akasema, "Ilete mbele ya wazee." Tukapangiwa Alhamisi.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo mwenyewe. Kazi yangu mnaijua, nawachapia barua. Humu ndani nimeandika barua za kuomba kazi, za kuombana msamaha, na nyingine ambazo mwenyewe akinitazama sasa hivi anainamisha uso. Usiogope mama, nitakufa nayo. Kompyuta ilikuwa imechoka. Ukibonyeza herufi, unaweza kupepeta maharage sahani nzima ndipo itokee. Nikahofia isije ikaniganda siku ya baraza. Mwalimu mmoja akanielekeza programu ya bure, ya kupakua mtandaoni, inayosafisha kompyuta na kulinda siri zako. Nikaiweka.

Ndugu zangu, nawaambia, ile programu sitaisingizia. Ilikuwa nzuri. Kompyuta ikaamka, barua mbili nikazichapa kabla chai haijapoa. Na ilikuwa na sehemu ya kufuta kabisa, yaani faili likipita pale halirudi hata kwa fundi. Nikasema hii ndiyo dawa, barua za watu zisije zikaokotwa siku nikifa. Ikaniletea orodha ndefu ya mafaili ya zamani, ikaniuliza: una uhakika? Nikapitisha macho. Lenye jina la mtu nililitazama mara mbili. Yenye tarakimu tupu nikasema haya ni makapi ya simu. Nikayatia tiki yote, nikabonyeza, nikaenda kusonga ugali huku naimba.

Jumanne nikataka kuijaribu ile sauti. Nikaitafuta huku, nikaitafuta kule. Nikazima kompyuta, nikawasha. Kisha nikakumbuka zile tiki. Nikakaa chini sakafuni pale pale.

Jumatano asubuhi niliifunga kompyuta kwenye kitenge nikaenda nayo Katesh kwa fundi. Akahangaika nayo, mpaka akanionea huruma. "Mama, ungefuta kawaida ningekutafutia. Hii imesagwa."

"Nani kaisaga?"

"Wewe, mama."

Nilitoka pale sijui hata nimepita njia gani. Unajua kumzika mume ni Mungu kaamua, na watu wanakuja, wanakushika mkono, wanakupikia. Mimi siku ile nilimzika mara ya pili kwa kidole changu mwenyewe, na hakukuwa na wa kunipa pole. Nilimkasirikia Mungu, mchungaji utanisamehe. Nikapanga nisiende barazani kabisa. Nichukue wanangu nirudi Dongobesh kwa kaka zangu, nikalale kwenye nyumba ya watu na watoto wanne, nianze kuomba chumvi. Nilishaanza kukunja nguo zao. Mama mkwe akanikuta, akaniuliza naenda wapi. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Akasema tu, "Kaa. Aibu ya kusema haijamuua mtu."

Baraza lilikaa pale pale bomani kwetu. Mzee alikuwa ameegemea ukuta anaota jua, kama kila siku. Kila aliyefika alimwamkia akapita, kwa sababu tulishajizoesha kwamba hayupo. Mwenyekiti wa baraza akasema, "Haya, leta sauti." Nikasema nimeifuta mwenyewe. Watu wakacheka. Shemeji hakucheka, ila alitazama pembeni kama mtu aliyemaliza kazi.

"Sasa mama, kama sauti huna, una nini?" mwenyekiti akauliza.

Nikasema nina kichwa. Nimeisikiliza mara nyingi, niruhusuni niiseme. Wakaniruhusu, nadhani kwa huruma. Nikaanza kwa Kidatooga, lugha yao Wabarbaig, maneno ya mzee kama alivyoyasema: shamba linaanzia kwenye jiwe jeupe.

Fimbo ikagonga.

Watu wakageuka. Nilidhani anataka maziwa, nawaambia kweli. Nikaendelea: linashuka mpaka kwenye kichuguu kikubwa. Ikagonga. Nikasema, kutoka hapo linakwenda mpaka korongoni.

Kimya. Nikarudia, mpaka korongoni. Fimbo haikutikisika, na mzee alikuwa ananitazama moja kwa moja. Nikaona nimekwisha. Kisha nikakumbuka. Hakusema korongoni. Alisema mpaka mgunga uliopigwa radi, na kile kipande cha kutoka mgungani hadi korongoni ni cha mdogo wake mume wangu, shemeji huyu huyu. Nilikuwa nimemla shemeji bila kujua, kwa hofu tu. Nikasema, "Nimekosea. Ni mpaka mgunga uliopigwa radi."

Akagonga mara mbili.

Shemeji alisimama, akaenda kupiga magoti mbele ya baba yake, akaweka kichwa kwenye mapaja yake. Wazee wakaamua shamba libaki kwangu na wanangu. Mimi nililia mpaka nikaona aibu.

Nawashukuru wazee wale kwa kuniruhusu kusema. Namshukuru mama mkwe aliyenikalisha, na fundi aliyeniambia ukweli bila kunizungusha. Funzo langu ni dogo. Cha bure si kibaya, mimi hadi leo naitumia ile programu. Ila ukiulizwa una uhakika, simama ufikiri, na kitu cha thamani kiweke mahali pawili. Na kikubwa kuliko hicho: sisi wote tulikuwa tunagombania sauti ya mzee, na mwenye sauti amekaa ukutani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kitu zaidi ya maziwa.

Tulirekodi upya juma lile. Unasikia mimi nasoma mipaka, unasikia fimbo. Kikohozi cha mume wangu hakimo, na hilo sijapona. Kompyuta ikauliza jina la faili, nikatoa mikono, nikanyanyuka. Shemeji akakaa kwenye kiti changu, akaandika jina la baba yake, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Mimi nilikuwa nimegeukia mlangoni.