Kifaranga Amerudi, Watu Hawakuja

Benchi la kahawa ya Loice pale mtaani Bwaise halikujua kutunza siri, na jioni ile siri ilikuwa ya Nashon. Watu walimwita Meneja, maana kibanda cha video nyuma ya benchi kilikuwa chake. Alikuwa ametoka kuonyesha sehemu ya pili ya ile katuni ya kifaranga wa bata. Sehemu ya kwanza ilijaza watu hata wengine wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Safari hii waliingia sita, na wawili wakalala. Nashon alishika kikombe tu, hakunywa.

— Meneja, kosa ni ya hiyo kioo mpya, — alianza Opio, polisi mstaafu aliyeitwa Afande. — Kubwa sana! Kifaranga amekuwa kama ng'ombe. Nani atalilia ng'ombe?

— Wapi! — alidakia Jasper, mbeba mizigo wa soko la Kikuubo, ambaye kwa ubishi wake walimwita Profesa. — Wazee walichora ya kwanza walishakufa. Hii wamechora watoto yao, wanakula vizuri. Si umeona kifaranga amenenepa?

— Wacheni, — alisema Loice akimimina kahawa. — Waliolia siku ile wamekua. Sasa wana shida zao za kuwaliza.

— Banange, nyinyi hamujui kitu! Mtu amezika dawa kwa mlango ya Meneja. Mimi nimekuwa polisi miaka ishirini, mlango nikiangalia najua.

— Afande, dawa ya nini? — alisema Jasper. — Bata mwenyewe ndio amechoka. Ya kwanza alilia kweli. Hii wamemulipa alie!

Wakacheka. Nashon naye akacheka, lakini roho ilikuwa inamuuma. Sababu ya watu kutokuja aliijua. Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari mle ndani: maiki ya Saverio, mtafsiri wake wa miaka minne. Saverio alikaa kando ya televisheni akikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili cha kambi za askari, na kwa kuwa Kiingereza chenyewe kilimpiga chenga, palipomshinda alijitungia. Kinywani mwake kifaranga alisombwa na mafuriko ya Bwaise, akamuulizia mama yake Kikuubo duka kwa duka, mwisho akasimama nje ya jela ya Luzira akimwita, kwani mama alikuwa amefungwa humo. Picha iliishia hapo, na ukumbi mzima ulitoka unafuta machozi. Kioo kikubwa kilipofika, Nashon alimwambia mbele ya watu: "Mzee, siku hizi watu wanasikia Kiingereza. Tutakuita." Hakumwita. Aibu ya maneno yale ilikuwa bado inamwandama.

Mara akatokea Atoo, mke wa askari jela, aliyehama Bwaise miaka miwili nyuma. Alikuwa na binti zake wawili, wamevaa nguo za kanisani.

— Jambo zenu. Tumetoka Luzira, tumesikia kifaranga amerudi. Imeisha?

— Imeisha, mama, — alijibu Nashon.

— Pole yetu. Basi niambie tu, Meneja, hawa wananisumbua kila siku wakiona ile ukuta ya jela. Mama yake kifaranga alitoka jela?

Katika sehemu ya pili mama bata alikuwa nyumbani tangu mwanzo, anapika keki, na hakuna aliyetaja jela.

Binti mdogo akamshika Nashon mkono, anangoja.

— Saverio ndiye anajua, — alisema Nashon. Akasimama. — Ngojeni hapa. Naenda kumuuliza. Loice, mzee anakaa wapi?

— Si alikuwa mtu wako?

— Afande?

Opio akatikisa kichwa. Miaka minne walimsikiliza, na hakuna aliyewahi kumuuliza anakaa wapi.