Zamu Yangu Aliyoishika Polycarp Kavishe

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya mjane Asumpta na binti yake Brightness, mimi Zachariah Mwambene nawasomea maisha ya marehemu, maana mwenyewe alimwagiza mkewe kwamba msomaji niwe mimi na nisiruke kitu.

Marehemu Polycarp Kavishe alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Usseri, Rombo, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha Chuo cha Mifugo Tengeru, akahitimu mwaka 1986 na kuajiriwa kama bwana mifugo wilayani Monduli. Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Asumpta, wakajaliwa Brightness mwaka 1996.

Mwaka 2002 alikuja Toronto, akapata kazi ya kutunza farasi wa mashindano, tukawa Watanzania wawili pekee katika mabanda yale, tukiwasemesha farasi Kiswahili hadi wakazoea. Jumapili tarehe 21 Mei 2006 mimi niliimba kwaya Scarborough, naye akanishikia zamu kwa jina langu, kama ilivyokuwa desturi yetu. Siku hiyo tajiri mmoja kutoka Australia, mwenye farasi wale, alimwamuru apake rangi mguu mweupe wa farasi mwenye kasi, ili farasi huyo akimbie kwa jina la mwenzake mzito wa mbio, na tajiri avune fedha nyingi kwa kuweka dau juu ya jina ambalo wengine hawakuthubutu kuliwekea. Marehemu alikuwa na maombi ya uhamiaji ya kuwaleta mkewe na mtoto, akaogopa kufukuzwa, akatii.

Mvua ikanyesha, rangi ikachuruzika, udanganyifu ukagundulika, na daftari la zamu likaonyesha jina langu. Nilieleza kwamba sikuwepo, lakini Polycarp alipoulizwa alikana kunishikia zamu, nikanyang'anywa leseni ya kutunza farasi, na kwa miaka saba hatukusalimiana hata kanisani. Asumpta na Brightness walifika mwaka 2008.

Mwezi Juni 2013 alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wa mashindano akakiri kwa maandishi, akapoteza kazi, akaniletea nakala ya barua hiyo nyumbani kwangu Malvern, kisha akabeba mizigo ghalani Downsview hadi figo zilipomlaza mwaka 2015. Alifariki tarehe 9 Februari 2016, Asumpta akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika wiki nzima, na wafanyakazi wenzake wa ghalani.

Polycarp, siku uliyoleta barua ile niliipokea mlangoni, nikafunga, wewe ukiwa umesimama nje, na hilo linaniuma leo kuliko leseni. Nilikusamehe zamani, nikaona aibu kukwambia. Pumzika kwa amani, ndugu yangu.