Jiwe Nililomficha Nóra

Njooni karibu, wanangu, kaeni hapa ukutani, mmoja kulia na mmoja kushoto, na wewe Colman acha kuhangaika na kamba za buti zangu, maana si miguu inayoniuma, ni kifua, na mkono huu wa kushoto siusikii tena. Najua mji wa Tralee uko hapo chini, saa mbili tu za kutembea, na siku nane hizi tumeizunguka rasi nzima kwa miguu tukicheka, wewe ukinitania kila asubuhi, "Mzee, leo tukukodie punda?" nami nikikujibu kwamba punda atakimbia akisikia domo lako. Utakwenda barabarani kutafuta daktari, sikukatazi, lakini kwanza nisikilizeni, kwa sababu naogopa, na ninachokiogopa si kufa peke yake.

Mliniuliza kwa nini mtu wa miaka sabini na moja anataka likizo ya kupanda milima. Ni kwa sababu siku ya mwisho njia inapita hapa, kwenye shamba letu la juu, ambako sijakanyaga tangu ujana. Nilijidanganya kwamba nikija kama watalii, na mkoba mgongoni, miguu itanifikisha kabla moyo haujakataa.

Colman, umejisifu maisha yako yote kwamba wewe ndiwe kifungua mimba. Siyo. Kabla yako mama yenu alizaa msichana, majira ya baridi ya mwaka hamsini na sita, akaishi robo saa, na padre alikuwa ng'ambo ya mto uliofurika. Hakubatizwa. Enzi zile mtoto wa namna hiyo hakupewa nafasi makaburini. Baba wa mtoto alimbeba peke yake hadi uwanja kama huo mnaouona nyuma ya mti wa miiba, wenye mawe yasiyo na maandishi. Nami wetu nilimbeba hadi hapo ndani ya sanduku la majani ya chai. Wanawake hawakuruhusiwa kufuata. Niliporudi mama yenu akaniuliza, "Umemlaza wapi, Malachy?" nami nikamwambia, "Kunywa chai, Nóra, itapoa." Hakuuliza tena kwa mdomo. Aliuliza kwa macho mpaka akafa, nami nilinyamaza, mwanzo kwa aibu, baadaye kwa mazoea. Sasa ajuaye ni mimi tu, na wewe umeshakubaliana na wale wapanda misonobari walete tingatinga hapa mwezi wa tatu. Hukujua, mwanangu. Usilie. Nishike mgongo.

Dympna binti yangu, nenda wewe, ukungu unashuka. Simama penye mti, uelekee mlimani, uhesabu mawe. La nne. Hapana, ngoja... la tano? Ng'ombe wameyasukuma. Mungu wangu, nilikuwa nikiliona kila nikifumba macho, na sasa sijui. Lilikuwa jeupe, nililitoa kijitoni kwa mikono yangu. Kwangua hiyo kuvu ya kijani. La kijivu? Basi si lenyewe. Jaribu lililolala. Haraka, mama, haraka, nakusikia lakini sikuoni vizuri. Tena. Kwangua tena kwa kucha.

Jeupe? Jeupe kama chumvi? Weka mkono juu yake, usiuondoe. Ahsante. Ahsante.

Sasa shikeni haya. Nyumba ni ya Dympna. Ng'ombe na mashamba ya chini ni ya Colman. Uwanja huu si wa mtu. Usiuzwe, usilimwe, usipandwe kitu, na watembeaji waachwe wapite. Chukueni konzi moja ya udongo wa hapo mkauweke kwenye kaburi la mama yenu, na mkimwambia ulikotoka, msinitetee. Mimi nizikeni popote mtakapoona panafaa.

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Mungu awatembeze salama, wanangu, awape watoto watakaoitwa kwa majina yao mbele za watu. Yule msichana wetu, mama yenu alimwita Gobnait. Nilimsikia akilitaja peke yake, akifua, nikapita kama kiziwi. Mimi sijawahi kulitamka hadi leo.

Msogelee, Colman, niache tu, ukuta utanishika. Piga goti. Mwambie jina lako na umri wako, sema kwa adabu, huyo ni dada yako mkubwa.