Wifi Nyangeta Alinipa Damu

Bwana asifiwe, wapendwa wa Iringo, pamoja na ninyi mliotoka Bunda. Mimi ni Mama Wegesa, yule muuza dagaa mnayesema anaongea sana. Leo nitajitahidi kuwa mfupi, ingawa sijawahi kufaulu.

Ndugu zangu, nilizaliwa Mugeta, nikaolewa hapa Musoma miaka ile ya foleni, sabuni ikikatwa vipande na sukari tukiisikia kwa jirani tu. Ng'ombe zilizonioa zilitokana na mahari ya wifi yangu Nyangeta, aliyeolewa Kiabakari. Kwetu Mara mnajua maana yake. Mwanamke ambaye ng'ombe zake zimekuoa ana neno juu yako, na usipozaa yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Mimba yangu ya kwanza ilitoka. Mtoto wa pili alizaliwa amekwisha kufa. Wifi akaja, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Ng'ombe zangu zimepotea bure." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimba ya tatu ikaja na hamu ya udongo. Hamu gani ile! Mvua ikigusa vumbi nilikuwaga natoka nje, nasimama tu kuvuta harufu, machozi yananitoka. Nikaanza kubandua ukuta wa jikoni. Mama mkwe akaniona, akasema huyu anakumbuka kwao, na mke akila ukuta wa mume atabomoa nyumba. Basi wakaagiza udongo wa kichuguu kutoka Mugeta. Mama yangu akautuma kwa basi, kaufunga kwenye kitenge chake. Nilikula udongo ule huku nanusa kile kitenge, nikamkumbuka mama mpaka kifua kikauma. Wote walijua dawa imepatikana.

Kumbe nilikuwa nakwisha. Kutoka sokoni mpaka nyumbani nilipumzika njiani kama bibi kizee. Moyo unadunda, macho yanaona giza, viganja vimekuwa vyeupe. Wapendwa wakaniombea, nikaanguka, wakasema roho chafu imetoka. Haikutoka roho yoyote, ilikuwa ni kizunguzungu.

Mume wangu akanipakia kwenye baiskeli mpaka hospitali. Daktari, mama mmoja mkali, akatazama ndani ya kope langu, akaguna. "Unakula udongo wewe?" Nikashangaa kajuaje. Akanieleza kwamba damu ina chembe nyekundu, na ndani yake kuna himoglobini, yenye madini ya chuma, ambayo inabeba hewa safi kutoka mapafuni kwenda kila kiungo, mpaka kwa mtoto tumboni. Mimi nikawaza wapagazi wa stendi. Mzigo upo, wabebaji hawapo, nyumbani watu wanalala njaa.

Akasema upungufu wa damu una aina zake. Kuna wanaozaliwa na selimundu, chembe zao zimepinda kama mundu. Kuna ambao malaria inazipasua. Wangu ulikuwa wa kukosa chuma, na minyoo ya safura ilikuwa inaninyonya. Hamu ya udongo ilikuwa dalili ya ugonjwa wenyewe, na sisi tulikuwa tunailisha.

Vidonge pekee visingewahi. Nilihitaji kuongezewa damu, na hospitali haikuwa nayo, ndugu ndio watoe. Ya mume wangu haikulingana na yangu. Shemeji zangu, wanaume wa maneno makubwa, mmoja akakumbuka shamba, mwingine akakumbuka mifugo. Ndugu zangu, nililala pale nikimtamani mtoto huyu kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Nikamwambia Mungu, nichukue mimi, lakini kwanza nimsikie akilia, hata mara moja.

Wifi akatokea mlangoni. Kashuka kwenye lori la pamba, vumbi tupu. Akamnyooshea daktari mkono, akasema, "Nitoeni mimi. Huyu ni wangu." Wakapima, ikalingana. Niliitazama damu yake ikidondoka kutoka kwenye chupa tone kwa tone, miguu yangu ikapata joto. Vidonge vikafuata, hamu ya udongo ikaniacha polepole. Wegesa akazaliwa akipiga kelele, mkali kama shangazi yake. Sifa na utukufu ni kwa Bwana.

Wifi amekwisha lala. Baada ya kumzika nilimuuliza daktari mwingine kama damu yake bado imo mwilini mwangu. Akasema, "Hapana, mama. Chembe nyekundu zinaishi kama miezi minne, zinakufa, mwili unatengeneza nyingine." Nikarudi nyumbani nikalia. Miaka yote nilikuwaga najishika mkono hapa kwenye mshipa, najua nimemshika wifi.

Ndugu yangu mwenye mimba, ukiona viganja vimekuwa vyeupe, ombewa, halafu nenda ukapimwe. Nawe mwenye nguvu, nyoosha mkono, toa damu. Mungu wetu anaponya kwa kutuma mtu, mtumainieni Mungu huyo. Nami siku nikifika kwake, kabla sijakaa, nitamuuliza, "Nyangeta yuko wapi?"