Kipande Kimoja Kilichozidi

Pale kona, nje ya chumba cha kinyozi, pana benchi la mbao lenye mguu mmoja uliofungwa waya, na kila asubuhi, kahawa ya kwanza ikishamiminwa, benchi hilo huwa na watu wake. Wa kwanza ni Kinyozi mwenyewe, ambaye huketi na taulo begani ili mteja akitokea asipate taabu ya kumtafuta. Wa pili ni fundi bomba aitwaye Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kumzimia. Wa tatu ni Hakimu, mlinzi mstaafu aliyewahi kuingia mahakamani siku moja tu, tena kama shahidi, lakini tangu siku hiyo hakuna ubishi unaokwisha bila yeye kutoa hukumu. Kahawa ni ya Bi Kahawa, na maneno yake ni ya moto kuliko birika lake. Mbele yao, ubavuni mwa ukuta wa ghala, husimama pikapu kuukuu ya Mzee Nikeli, na Mzee Nikeli mwenyewe yuko chini yake, miguu nje, kiwiliwili ndani.

Asubuhi hiyo Kinyozi ndiye aliyeanza uchokozi.

— Mzee Nikeli, hilo bampa juzi si ulilifunga?

— Nililifunga, sauti ikatoka uvunguni mwa gari.

— Na jana?

— Jana nililifungua.

— Na leo?

— Leo nalifunga.

— Basi kesho ni zamu ya kulifungua, Kinyozi akawaambia wenzake. Mimi ningefanya kazi hivyo, leo nanyoa, kesho narudishia watu nywele zao, si ningekufa njaa?

— Mwacheni mzee wa watu, alisema Bi Kahawa akimimina. Wengine humu hata mlango wa kwao haufungi, na wala hawana habari nao.

Redio akakohoa. Mlango uliosemwa ulikuwa wake.

Mzee akatoka uvunguni, akatanguliza goti zima, akavuta lile bovu. Maisha yake yote alikuwa dereva wa mizigo. Goti la kushoto lilipokataa kukanyaga klachi, alimwita binti yake, mwenye bustani ya miche, akamwahidi: nitalitengeneza gari hili, nikimaliza uje ulichukue. Injini ikapona upesi. Mabati yakanyooshwa, rangi ikapigwa. Ikabaki nikeli: bampa la mbele na la nyuma, meno ya grili, fremu za taa, vifuniko vya magurudumu, vishikio vya milango. Alivifungua vyote kwa mkono wake, akavipeleka kwa fundi kupigwa nikeli upya, vikarudi vimefungwa magazetini, vinang'aa hadi Kinyozi akaomba kimoja ajitazamie ndevu. Kilichobaki ni kuvirudisha mahali pake tu. Na hapo ndipo kazi ilipokataa kwisha.

— Nikeli haitaki haraka, Mzee alisema akijifuta mikono. Skrubu ukiikaza sana, bati linapasuka. Ukiilegeza, inakulilia njia nzima.

— Na kile kipande? Hakimu akauliza. Kimepata kwao?

Wote wakatazama boneti. Juu ya tambara safi kililala kipande cha nikeli, urefu wake kama kiganja, kimepinda kidogo katikati, kina tundu huku na tundu huku.

— Bado, Mzee alisema. Na mpaka nijue kinakaa wapi, siwezi kusema gari limekwisha.

Alijua vizuri kinakaa wapi. Kilikuwa kishikio cha droo ya vijiko, kabatini kwa mkewe. Alikichomoa mwenyewe siku ile ya kupeleka vyuma kwa fundi, akakichanganya na vingine ili amfurahishe mama watoto. Lakini viliporudi, Redio akakiokota na kuuliza, hiki nacho cha wapi? Mzee alifungua mdomo aseme, akajikuta amesema sijui. Sijui hiyo ikampa siku moja zaidi na gari lake, na ya pili, na nyingine juu yake, na sasa hakujua ajitoe vipi.

— Mimi nimekaa nimewaza, Redio akaanza. Hicho ni cha kiti cha nyuma.

— Pikapu haina kiti cha nyuma, Kinyozi alisema.

— Ndiyo maana kimezidi!

— We nawe! Tazama kilivyopinda. Madereva wa zamani walikuwa watanashati. Hicho kilikaa juu ya kioo, dereva anatundika chanuo lake.

— Chanuo gani la kutundikwa kwenye chuma chote hicho?

— Nywele za zamani zilikuwa nywele, bwana. Si hizi mnazoniletea siku hizi, natafuta pa kuanzia sipaoni.

Hakimu akainua kikombe, ishara kwamba mahakama imekaa.

— Nimesikiliza pande zote. Gari halisi, likitoka kiwandani, huwekewa kipande kimoja kisicho na kazi yoyote. Ukifungua gari ukakuta kila kitu kina kazi, hilo gari ni la kuigiza.

— Nani kakwambia? akauliza Bi Kahawa.

— Hukumu haiulizwi ilikotoka.

— Acheni hizo! Redio akasimama kabisa. Jamaa mmoja nilikokwenda kuzibua bomba kaniambia siri. Gari za namna hii zilikuwa na kishikio cha dharura. Dereva akivamiwa, anakivuta, kiti kinamrusha nje.

— Nje wapi?

— Juu! Anapaa!

— Na paa la gari?

— Linafunguka.

— Redio, alisema Mzee, paa hilo nimelipiga rangi mwenyewe. Halina hata ufa.

— Basi ndiyo umeliziba! Usije ukakivuta ukiwa ndani, mzee wangu, tutakuokota huna kichwa.

Kinyozi alicheka akamwaga kahawa kwenye taulo. Mzee naye alicheka mpaka akashika goti. Nyumbani, tangu goti liharibike, watu walimsemesha kwa sauti ya chini kama wako wodini: baba umekula, baba kaa hapa, baba usiinue hicho. Hapa walimsema, wakamzomea, wakamwita mvivu, na yeye akajisikia mzima.

Bi Kahawa ndiye peke yake hakucheka. Alikuwa amekikodolea macho kile kipande.

— Mie hiki nakiona kama nakijua.

Mzee akanyakua kikombe chake.

— Umekijulia wapi, akasema Redio, umewahi kuwa na gari wewe?

— Sina gari, lakini nina nyumba.

— Hebu niongezee kahawa, Mzee akawahi, na kikombe chake kilikuwa kimejaa.

Hapo pikipiki ya kukodi ikasimama kando ya barabara. Akashuka mwanamke wa makamo, sketi yake ina matope, mikononi kakumbatia trei la miche. Alikuwa binti yake Mzee Nikeli, na hakuwa ametuma salamu kwamba anakuja.

— Shikamoo, baba. Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, wakaitikia kwa pamoja, kama watoto waliokutwa jikoni.

Akaliweka trei kwenye benchi, akalizunguka gari polepole. Alijiona kwenye bampa, akajiona kwenye kifuniko cha gurudumu, mdogo na mpana, akacheka.

— Baba! Jamani, baba! Si limekwisha hili?

Mzee akataka kujibu. Lakini Kinyozi alikuwa keshadakia.

— Bado kidogo, binti yangu. Bampa hilo unaliona? Limelegea.

Bampa lilikuwa limekazwa kiasi kwamba ungeweza kuliinulia gari zima. Mzee akamgeukia Kinyozi kwa mshangao.

— Na taa ya kulia, Redio akapokea. Fremu yake inacheza. Ukipita kwenye shimo inaruka, inamtoa mtu jicho.

— Na rangi haijakauka vizuri, alisema Hakimu, ambaye alikuwa ameegemeza mgongo wake kwenye rangi hiyohiyo wiki nzima.

Mzee akainamisha uso. Watu waliomsimanga kwa bampa hilo tangu asubuhi sasa walikuwa wakimsemea uongo mchana kweupe, bila kuombwa.

— Mimi kesho natakiwa kupeleka miche shuleni, binti alisema. Wanapanda uwanja wote wa mbele. Hii nilikuwa naipeleka kwa mteja, nimeibeba mapajani, tazameni, nusu yake imekatika. Sasa baba, kimebaki nini hasa?

Kinyozi akaikunja taulo. Redio akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Ndipo Hakimu, kwa kujiamini kwa mtu mwenye ushahidi mkononi, akakichukua kile kipande juu ya boneti.

— Kimebaki hiki. Hakuna anayejua kinakaa wapi.

Binti akakipokea, akakigeuza mara moja tu.

— Hiki si kishikio cha droo ya mama?

Bi Kahawa akaweka birika chini ili acheke vizuri.

— Si nilisema nakijua! Droo ya vijiko! Juzi nilikwenda kumjulia hali mama yako, nikamkuta anaivuta kwa kisu!

— Sasa anatumia uma, binti alisema. Kisu kilivunjika. Nyumba nzima tumeipekua.

— Kwa hiyo, Redio akauliza taratibu, hakirushi dereva?

— Kinarusha vijiko, alisema Kinyozi.

Wakaangua kicheko, hata mwenye pikipiki akacheka bila kujua kisa. Mzee hakucheka. Alikuwa akifuta mkono ambao ulikwisha kuwa safi, anafuta tu. Binti akamwona, akaacha kucheka. Akaja akachuchumaa mbele yake.

— Baba, kama hutaki nilichukue, si ungeniambia tu? Ningekasirika mimi?

Hakimu alitazama viatu vyake. Redio alikunywa kahawa kutoka kikombe kitupu. Mzee mwenyewe alitazama gari, halafu akamtazama mwanawe.

— Nataka ulichukue, mwanangu. Ila sitaki liondoke.

Binti hakusema pole, na Mzee alimshukuru moyoni kwa hilo. Aliinuka, akafungua mlango, akaketi kwenye usukani.

— Panda, baba. Gia ya nyuma sijawahi kuiweza. Ulikuwa unaifanyaje?

Mzee akazunguka, akajipandisha upande wa pili. Tangu anunue gari lile hakuwahi kuketi upande huo. Aliona dirisha liko chini kuliko alivyodhani.

— Kanyaga klachi, achia, kanyaga tena. Sasa isukume kama unamwamsha mtu aliyelala. Taratibu kwanza, halafu kwa ghafla.

Gia ikalia kwa uchungu. Benchi zima likakunja uso.

— Huyo umemwamsha vibaya, Mzee alisema. Rudia.

Mara hii ikaingia, laini kabisa. Gari likarudi nyuma, likasimama, likaelekea barabarani, na jua likapiga bampa mpaka Hakimu akafumba macho.

Walizunguka mtaa. Alimwonyesha pa kusikiliza injini, alimwambia nikeli hufutwa kwa tambara kavu, na sabuni ya unga isiikaribie.

— Baba, nitalikwaruza. Mimi nabeba udongo, nabeba mbolea.

Mzee akafuta vumbi la dashibodi kwa kiganja.

— Likwaruze, alisema. Ndiyo kazi yake. Mimi pia nililikwaruza.

Waliporudi kona, Mzee akashuka. Redio akapakia trei nyuma kwa heshima kama anabeba mtoto mchanga. Binti alikitia kishikio cha droo mkobani, akasema atapita kwa mama kwanza kabla uma nao haujavunjika, akawaaga wote, na pikapu ikaondoka, ikipiga honi mbili kwenye njia panda.

Kisha hapakuwa na kitu pale ubavuni mwa ghala ila doa la oili na matofali mawili. Mzee akaketi kwenye benchi kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, na wenzake wakasogea kumpa nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Hakuna aliyejua ayapeleke wapi macho. Redio akaanza, unajua jamaa mmoja kaniambia, akaishia hapo. Bi Kahawa akatikisa birika, likajibu kwa utupu, lakini hakuondoka.

Kinyozi akainuka, akaingia ndani. Zikasikika kelele za kitu kizito kikiburuzwa. Akatokea kinyumenyume, amekumbatia kiti chake cha kunyolea, kiti alichorithi kwa baba yake, ambacho hakuna aliyeruhusiwa hata kukitundikia koti. Akakiweka chini mbele ya Mzee, anahema. Mikono ya kiti ilikuwa na madoa ya kutu, na pale pa kuwekea miguu nikeli ilikuwa imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

— Hebu nitazamie na hiki, alisema, macho yake yako barabarani.

Mzee akainama. Akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akapitisha ukucha kwenye kichwa cha skrubu, akapuliza vumbi, akapiga goti lake zima chini ili aone kwa ndani.

— Hiki kinataka kufunguliwa chote, alisema. Hii si kazi ya leo.

— Sikusema leo.

— Wala ya kesho.

— Sawa. Na wateja wangu wananyolewa wapi wakati wote huo?

— Wasimame, Mzee Nikeli akajibu, na bila kuinua kichwa akanyoosha mkono nyuma, akiomba bisibisi.